Kutoka ukuu wa shirika lisilo la faida hadi unaibu meya New York: Richard Buery alipitia wapi, na kazi inabadilika wapi?

Mfuatiliaji_Sera

Wakuu, salaam. Naandaa mada kuhusu viongozi wa mashirika yasiyo ya faida wanaoteuliwa kushika nafasi za juu katika serikali ya jiji, na mfano niliouchagua ni Richard Buery wa New York. Nafahamu kwamba aliongoza Children's Aid Society, shirika la kuhudumia watoto, tangu 2009, na mwanzoni mwa 2014 Meya Bill de Blasio akamfanya naibu meya wa mipango ya kimkakati ya sera. Kazi kubwa aliyokabidhiwa ilikuwa elimu ya awali ya kutwa kwa watoto wote wa miaka 4. Watoto walikuwa takriban 20,000, wakavuka 50,000 Septemba ya mwaka huohuo.

Mambo matatu yananitatiza. Njia yake ilimwandaaje hasa? Mtu aliyekuwa upande wa kuomba fedha za jiji anabadili nini anapohamia upande wa kuzitoa? Na mipango ya namna hii hukwama wapi? Naomba mnipe mambo mahususi, maana sifa za jumla ninazo tayari.

---

Jalada_Wazi

Kwenye wasifu wake tazama jinsi ukubwa wa kazi ulivyopanda. Ni mwanasheria, kasoma Harvard kisha sheria Yale, na ni mtoto wa East New York kule Brooklyn. Mwaka 1999 alishiriki kuanzisha iMentor, inayowaunganisha wanafunzi na watu wazima wa kuwashauri. Mwaka 2002 akaanzisha Groundwork, iliyohudumia familia za East New York kwenyewe. Halafu 2009 akakabidhiwa Children's Aid Society, taasisi iliyoanzishwa 1853, naye akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuiongoza.

Hizo ni kazi tatu zisizofanana. Mwanzilishi hufundishwa na tarehe ya mishahara inayofika wakati hundi ya mfadhili bado iko njiani. Mkuu wa shirika la mtaa mmoja huwajua wazazi kwa majina. Mkuu wa taasisi kongwe anashughulika na bodi, wakaguzi wa hesabu, majengo, na mikataba na idara kadhaa za serikali kwa wakati mmoja, kila idara na fomu zake. Naibu meya anahitaji zote tatu, ila ya tatu ndiyo inayomwokoa wiki za kwanza.

Kuna jambo jingine wengi hulipita. Tangu 1992 Children's Aid ilikuwa ikiendesha pamoja na mamlaka ya elimu shule ya jamii huko Washington Heights: shule yenye kliniki ndani yake, inayobaki wazi baada ya masomo na kuwapokea hata wazazi. Sasa mwaka 2014 jiji linatangaza kupanua shule za jamii, na mpango unawekwa chini ya Buery. Meya alipata mtu wa taasisi ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikijibu maswali kama haya: shule ikibaki wazi hadi saa 2 usiku, kibali cha kutumia jengo kinaombwa na nani? Msimamizi wa jengo analipwa kutoka fungu lipi? Mtoto akitoka darasani kwenda kwa daktari wa meno ghorofa ya chini, nani kasaini ridhaa ya mzazi? Programu nzuri nyingi zimekwama kwenye ufunguo wa geti.

Usimchukue kuwa ndiye pekee. Katika safu hiyohiyo ya manaibu meya wa 2014 alikuwepo Lilliam Barrios-Paoli, aliyesimamia afya na huduma za jamii. Yeye alishaongoza shirika la Safe Space, na chini ya Bloomberg, meya aliyemtangulia de Blasio, aliongoza idara ya wazee. New York mlango huu huzunguka pande zote mbili.

---

Meza_ya_Bajeti

Nitajibu la fedha, maana hapo ndipo wageni wengi kutoka mashirika huumia.

Kwenye shirika, bodi inapitisha bajeti, na ukitaka kuhamisha fedha kutoka mafunzo kwenda usafiri unaongea na mfadhili mmoja, anakuandikia barua. Jiji la New York linakwenda kwa kalenda ambayo hakuna anayeihamisha. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa kawaida rasimu ya awali hutoka Januari, rasimu kamili ya meya hutoka Aprili, na Baraza la Jiji lenye wajumbe 51 linatakiwa liwe limepitisha kabla ya Julai. Kama wazo lako halijaingia kwenye vitabu vya ofisi ya bajeti kabla ya rasimu ya Aprili, unabaki kuliombea kwenye mazungumzo ya dakika za mwisho na Baraza, ambako kila mjumbe naye ana lake.

Tena tangu msukosuko wa fedha wa 1975, jiji linabanwa na sheria kuwa na bajeti iliyolingana, na mpango wake wa fedha unatazama miaka minne. Kwa hiyo swali linabadilika. Mfadhili anauliza: "Tutaona matokeo gani?" Ofisi ya bajeti inauliza: "Mwaka wa tatu analipa nani?" Ukienda pale na ripoti yenye picha za watoto bila jibu la swali hilo, umepoteza saa yako. Picha ziache, nenda na jedwali: idadi ya watoto, gharama kwa mtoto, chanzo cha fedha, mwaka hadi mwaka.

Kwa elimu ya awali, de Blasio alitaka kodi ya ziada kwa wenye kipato cha zaidi ya dola 500,000. Kodi hiyo jiji haliwezi kujiwekea lenyewe, inahitaji Albany, yaani serikali ya jimbo. Gavana Andrew Cuomo akaikataa, lakini bajeti ya jimbo mwishoni mwa Machi 2014 ikatoa dola milioni 300 kwa ajili ya jiji. Shule zilifunguliwa 4 Septemba. Hesabu mwenyewe: miezi mitano na siku chache.

Sasa tazama ukubwa wa kazi. Darasa la watoto 18 linahitaji mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Gawanya nafasi 30,000 zilizoongezeka kwa 18, unapata madarasa karibu 1,670. Sehemu yake yalikuwa madarasa ya nusu siku yaliyorefushwa kuwa ya saa 6 na dakika 20, kwa hiyo hayakuanza yote kutoka sifuri. Lakini hata kurefusha tu kunadai mwalimu wa mchana, chakula, mahali pa kulala watoto, na mkataba mpya.

Na mkataba ndio moyo wa mambo. Sehemu kubwa ya nafasi haikuwa ndani ya shule za serikali bali kwenye vituo vya mashirika ya jamii, yaani ndugu zake Buery wa jana. Kituo kikipata kazi, faili linapita tathmini ya maombi, makubaliano ya bei, uchunguzi wa uadilifu na uwezo wa shirika, bima, sahihi ya wanasheria wa jiji. Mwisho linakwenda kwa Mdhibiti wa Fedha wa jiji kusajiliwa. Huyo Mdhibiti anachaguliwa na wananchi kivyake. Hayuko chini ya meya, kwa hiyo naibu meya hawezi kumwamuru. Katiba ya jiji inampa siku 30 za kulipitia faili. Likirudishwa kwa sababu cheti cha bima kimepitwa na tarehe, likiletwa tena siku zinaanza kuhesabiwa upya. Na mkataba usiosajiliwa haulipwi, hata kama watoto wako darasani tayari.

Ndiyo maana mtu anayeijua kazi hii hupanga kinyumenyume. Kituo kifunguliwe 4 Septemba, faili kamili liwe kwa Mdhibiti kufikia 5 Agosti, sahihi ya wanasheria iwe imepatikana Julai, bei iwe imekubaliwa Juni. Ukiisoma kalenda hiyo ukikumbuka kwamba fedha zenyewe zilithibitishwa mwishoni mwa Machi, unaelewa kwa nini Agosti 2014 Mdhibiti Scott Stringer alilalamika hadharani kwamba mikataba mingi haijamfikia. Siku chache kabla ya kufungua, jiji likatangaza kwamba vituo 9 havitafunguliwa kabisa na vingine 36 vitachelewa. Kwa kiwango cha upanuzi ule ni vichache, lakini kwa mzazi aliyeshajipanga kurudi kazini ni jambo zito.

Mambo yanayoangusha vituo dakika za mwisho karibu kila mara ni yaleyale: mlango wa dharura usiokidhi kanuni za zimamoto, kibali cha idara ya afya, uchunguzi wa alama za vidole wa mfanyakazi aliyeajiriwa juzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotatuliwa na hotuba. Dawa yake ni mkaguzi wa moto, wa majengo na wa afya waende kituoni siku moja, wakiwa na orodha moja, mapema kiangazi. Idara hizo zina makamishna watatu tofauti. Kuwakalisha pamoja ndiyo kazi halisi ya naibu meya.

---

Mfuatiliaji_Sera

Asante sana, hili la kupanga kinyumenyume limenifungua. Swali dogo: kama mkataba umechelewa kusajiliwa, shirika linalipaje mishahara? Na je, Buery hakuweza tu kuisaidia Children's Aid kwa kuwa aliijua?

---

Meza_ya_Bajeti

La kwanza: shirika linatumia akiba yake, au linakopa benki na riba inaliumiza, maana riba hiyo mara nyingi hairudishwi na jiji. Kuna mfuko wa mikopo isiyo na riba, unaoendeshwa kupitia Fund for the City of New York, kwa mashirika yaliyoshinda kazi lakini mkataba bado haujasajiliwa. Usiliweke tatizo hili mwaka 2014 peke yake. Ni donda la miaka mingi New York, na mashirika madogo ndiyo hufa kwanza kwa sababu hayana akiba hata ya mwezi mmoja. Kiongozi aliyetoka huko analijua, ndiyo maana namhukumu zaidi kwa hili kuliko kwa mengine yote. Akiingia ofisini asipopunguza siku za kusubiri malipo, ameacha nje ujuzi wake bora.

La pili namwachia anayejua sheria.

---

Sura_ya_68

Jina langu linajieleza: Sura ya 68 ya katiba ya jiji ndiyo inayotawala migongano ya maslahi, na ina bodi yake. Jibu fupi ni hapana, na atakayejaribu huharibu jina lake na la shirika alilotoka.

Utaratibu ulio salama uko hivi. Kabla hata ya kuapishwa, mteuliwa anaiomba bodi ushauri wa maandishi. Ushauri huo ni wa siri, kwa hiyo hana sababu ya kuficha kitu. Anaeleza kama shirika la zamani bado linamdai au linadaiwa naye: likizo isiyolipwa, bonasi, pensheni iliyoahirishwa. Watu husahau kipengele hiki, kumbe deni linaendeleza uhusiano wa kifedha baada ya barua ya kuacha kazi. Kisha anaandika waraka wa kujitoa: shirika fulani, mikataba yake yote, na jina la anayeamua badala yake. Waraka usiotaja mbadala hauna kazi, kwa sababu faili litarudi mezani kwake tu.

Nakala ya waraka apewe nani? Wengi humpa mwanasheria na kuishia hapo. Mpe pia anayepanga ratiba. Mgongano wa maslahi kwa kawaida huingia kupitia kalenda: mwenyekiti wa bodi ya zamani anaomba "kahawa ya dakika ishirini", kijana wa ratiba hajui, anaweka Alhamisi saa 4 asubuhi. Kalenda hiyo ni kumbukumbu ya umma. Chini ya sheria ya uhuru wa habari ya jimbo, mwandishi akiiomba, ofisi ina siku 5 za kazi kumjibu kwamba imepokea ombi. Barua pepe ni hivyohivyo. Mtu aliyezoea kuandikia wafadhili kwa moyo mweupe inabidi ajue kwamba kila sentensi inaweza kusomwa na asiyemjua.

Halafu kuna tabia ya kuchangisha. Mkuu wa shirika huomba fedha kila siku, ndiyo kazi yake. Akiwa afisa, kumwomba mtu mwenye shughuli na jiji kunageuka kuwa shinikizo hata kama ameomba kwa upole na kwa jambo jema. Zawadi nazo: kutoka kwa mwenye shughuli na jiji, kiwango cha dola 50 au zaidi hakiruhusiwi. Tiketi moja tu ya karamu ya hisani New York hupita hapo kwa mbali.

Na akitoka? Kanuni ya wakati wa Buery: mwaka mmoja bila kwenda kulisemea jambo la mwajiri mpya mbele ya ofisi aliyotoka. Kwa naibu meya zuio hilo ni pana, linagusa mhimili mzima wa serikali aliouhudumia, halikomi kwenye chumba chake. Juu ya hapo, jambo mahususi aliloshughulikia mwenyewe kwa kina, kama mkataba fulani, haligusi kwa malipo maisha yake yote. Novemba 2019 wapiga kura wakarefusha mwaka ule kuwa miaka miwili kwa waliochaguliwa na baadhi ya wateule wa juu, kwa wanaoondoka kuanzia Januari 2022. Yeye aliondoka 2018, akaenda KIPP upande wa sera, baadaye Achievement First (zote mbili ni mitandao ya shule), na 2021 akawa mkuu wa Robin Hood, taasisi ya kupambana na umaskini New York.

---

Daftari_la_Watumishi

Naongeza upande wa watu, kwa ufupi.

Mkuu wa shirika akihitaji meneja anatangaza, anasaili, anaajiri. Jijini sehemu kubwa ya vyeo hupatikana kwa mtihani na orodha, na kwa cheo cha ushindani idara huchagua miongoni mwa watatu wa juu wanaopatikana kwenye orodha. Msingi wake umo kwenye katiba ya jimbo: sifa na uwezo. Naibu meya ana timu ndogo ya wateule wake. Maelfu wengine wako chini ya makamishna na wana vyama vyao, DC 37 kwa watumishi wengi na UFT kwa walimu. Anayekuja na desturi ya "kuanzia Jumatatu tunafanya hivi" atagundua kwamba kubadili saa za kazi ni mazungumzo na chama, na ofisi ya mahusiano ya kazi lazima iwepo mezani.

Doa kubwa la mpango wa elimu ya awali, kwa maoni yangu, lilikuwa hapa. Mwalimu mwenye cheti kilekile, akifundisha watoto wa umri uleule, alilipwa kidogo kwenye kituo cha shirika kuliko shule ya serikali, tena mara nyingi kwa siku nyingi zaidi za mwaka. Matokeo yalikuwa ya kutabirika: kituo kinamwajiri kijana, kinamlea miaka miwili, nafasi inafunguka shule ya serikali, anakwenda. Mashirika yakawa chuo cha mafunzo cha jiji bila kulipwa ada. Makubaliano ya kupandisha mishahara ya walimu wa vituo yalifikiwa 2019, Buery akiwa ameshaondoka. Anayepanga mpango kama huu aweke usawa wa mshahara ndani ya bei ya mtoto mmoja tangu karatasi ya kwanza. Kuuongeza baadaye kunadai fedha mpya zote kwa mkupuo, na ofisi ya bajeti itasema hapana, mwaka baada ya mwaka.

---

Jalada_Wazi

Nakubaliana na wa hapo juu, ila tusimpe Buery lawama wala sifa zisizo zake. Kuna watu huchanganya shule za jamii na mpango wa Renewal wa Novemba 2014, uliogusa shule 94 zilizokuwa na matokeo duni. Shule za Renewal zote zilitakiwa ziwe za jamii, ndipo mkanganyiko unapoanzia. Renewal ilifungwa 2019 ikiwa imegharimu fedha nyingi na matokeo ya mchanganyiko. Lakini tathmini ya taasisi ya utafiti ya RAND ya 2020 kuhusu shule za jamii za jiji hilo iliona utoro sugu umepungua na wanaohitimu wameongezeka. Ukiandika "mpango ulishindwa" bila kusema ni upi, msomaji makini atakukamata hapo.

Na elimu ya awali yenyewe haikurudi nyuma: mwaka wa pili, 2015, watoto walipita 65,000. Siri mojawapo ya mafanikio hayo ilikuwa kazi ya kawaida kabisa. Kilikuwepo kikosi cha kupiga simu kwa familia na kugonga milango, kama kampeni ya uchaguzi, kikiwa na orodha za wazazi wa watoto wa umri huo. Nafasi tupu darasani ni hasara maradufu: fedha imeshatengwa, na mtoto yuko nyumbani.

---

Mfuatiliaji_Sera

Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: nikitaka kumpima afisa mwingine aliyetoka kwenye mashirika, bila kutegemea hotuba zake, nianzie wapi?

---

Meza_ya_Bajeti

Kwa New York, ingia Checkbook NYC, tovuti ya ofisi ya Mdhibiti inayoonyesha matumizi na mikataba ya jiji. Chagua idara iliyo chini yake, chuja mikataba ya huduma za jamii, kisha weka safu mbili kando kwa kando: tarehe mkataba ulipoanza kazi na tarehe uliposajiliwa. Toa moja kwa nyingine. Fanya hivyo kwa mwaka kabla hajaingia, mwaka wake wa kwanza, na wa tatu. Tumia namba ya katikati, sio wastani, kwa sababu faili moja lililolala miaka miwili litakuvurugia hesabu. Tenganisha mashirika madogo na makubwa, maana yale makubwa yana wanasheria wao na faili zao hutembea haraka hata mambo yakiwa mabaya.